Shamba la Kukimbilia

Kila kiumbe hujiwekea mahali pa kujisalimisha. Panya ana shimo lake, kobe ana gamba, ndege ana kiota juu ya tawi. Binadamu, ajapokuwa na akili kupita hao wote, hana gamba, na mara nyingi haanzi kuchimba mpaka aone moshi. Nataka kuwaelezeni, vijana wasomaji, habari za mahali pa namna hiyo. Ni shamba letu la ekari mbili huko Birongo, katika vilima vya Kisii, na kazi ambayo sharti ifanywe ili siku mbaya ikifika lisiwe kimbilio kwa jina tu.

Haja hii si ngeni. Wamijikenda wa pwani walijenga kaya zao ndani ya misitu minene ili adui asiwafikie, na mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Upande wa Migori, si mbali sana na kwetu, zingaliko kuta za Thimlich Ohinga, mawe matupu yaliyopangwa pasipo udongo wala saruji, nazo zimesimama karne kadhaa. Mataifa makubwa nayo yalishikwa na hofu yao. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliwahimiza raia wake watayarishe mahali pa kujikinga na bomu la atomiki, na wako waliochimba vyumba chini ya ardhi wakavijaza makopo ya chakula. Uswisi ilitunga sheria mwaka 1963 ili kila mkazi apate nafasi katika handaki. Sina neno la kuwacheka. Lakini chumba cha makopo kina upungufu mmoja, nao ni kwamba kopo likiliwa halioti tena.

Kwetu hofu ilikuwa na tarehe. Uchaguzi wa Kenya ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yakatangazwa tarehe 30. Yaliyofuata mmeyasoma. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walihama makwao, kabla ya Mwai Kibaki na Raila Odinga kutia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan. Baba yangu mdogo alikuwa amekodi shamba upande wa Bonde la Ufa kwa miaka 12, akilima mahindi na kufuga. Katika Januari ile alitufikia usiku, yeye na mkewe na watoto wao na mama mkwe, jumla yao watu 11. Mali waliyookoa ilikuwa redio moja, mablanketi manne, na ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuteketea. Sisi nyumbani tulikuwa sita. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naingia kidato cha pili, na hesabu ya 11 na 6 sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Sisemi kwamba ekari mbili ziliwalisha watu 17 peke yake. Baba alikuwa na mshahara mdogo, na majirani hawakutuacha. Walakini nilitazama kwa macho yangu ni mimea gani iliyotufaa na ni ipi iliyosimama tu kama mgeni asiyejua kazi. Chai, ambayo ndiyo fahari ya vilima vyetu, haikutufaa kitu. Jani la chai ni fedha pale gari la kiwanda linapopita na barabara iwapo wazi. Siku ambapo mawe na magogo yamelala barabarani, huwezi kulitia chunguni ukalipa watoto. Migomba ilitufaa, kwa sababu haina msimu: leo huu, kesho ule. Mboga za kienyeji zilitufaa kupita kiasi, mnavu, na mgagani ambao kwetu huitwa chinsaga, maana huota upesi hata katika kipande cha ardhi kisichozidi mkeka.

Lakini mfalme wa siku zile alikuwa kiazi kitamu. Mama hakuling'oa tuta zima. Alipapasa udongo kwa kijiti, akatoa vile vilivyokomaa, akaurudishia udongo ili vidogo viendelee kunenepa. Ghala lake lilikuwa chini ya ardhi. Halikuwa na kufuli, wala mwizi hakulibeba kwa mkupuo mmoja. Tena alikuwa na gunia la wimbi lenye umri wa miaka mitatu, na lilipofunguliwa wimbi lilikuwa zima kama lilivyoingia. Punje ya wimbi ni ndogo mno, fukusi haioni kuwa nyumba ya kuishi.

Methali yasema akiba haiozi. Yamkini aliyeitunga hakuwahi kuweka mahindi mabichi. Mahindi yasiyokauka huota kuvu, na kuvu hilo huleta sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Ninawafundisha wanafunzi wangu jaribio lisilogharimu kitu. Twaa chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na mahindi, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Isipoganda, yanafaa kuwekwa, na yakitiwa katika mfuko usiopitisha hewa, wadudu waliomo watakosa pumzi.

Jaribu la pili lilikuja kwa njia nyingine. Ugonjwa wa korona ulithibitishwa nchini mwezi Machi 2020, shule zikafungwa, na tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku. Kabla ya marufuku hayo magari yalijaa watu wanaorudi makwao. Katika kijiji chetu yuko bwana mmoja aliyejenga jumba la mawe lenye lango la chuma na vigae vyekundu. Alifika na familia yake, akafungua lango, akakuta tangi tupu, choo kilichobomoka, na ua mzuri wa nyasi zisizoliwa hata na mbuzi. Alikuwa na fedha, akanunua sokoni; mwezi wa tatu fedha zikawa haba, na watoto wake wakawa wanatumwa kwetu kuomba mboga. Mtu huyu ni mwungwana, nami namheshimu. Lakini nathubutu kusema kwamba nyumba nyingi za vilimani kwetu zimejengwa kwa ajili ya siku ya mazishi, ili waombolezaji waone kwamba marehemu hakuwa mtu wa hivihivi. Zinamngoja mwenyewe aje amekufa. Akija hai hazijui la kumfanyia.

Sasa nije kwenye maji, maana hapo ndipo penye mgogoro wetu. Twaeni kalamu. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, likinyeshewa milimita 10, hutoa lita 600. Wanaohudumia wakimbizi duniani hukadiria lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Watu 17 wahitaji lita 255. Basi mvua ya jioni moja ni maji ya siku mbili, na tangi la lita 5,000 lililojaa pomoni halifikishi siku 20. Mvua zetu ni nyingi, lakini Januari ni mwezi mkavu, na maafa hayaulizi kalenda. Kwa hiyo tangi ni msaidizi. Tegemeo ni chemchemi.

Chemchemi yetu iko chini, karibu na kijito. Ardhi ya kwetu, kwa desturi, hugawanywa kwa vipande virefu vyembamba kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, ili kila ndugu apate mahali pa kujenga, mahali pa kulima na mahali pa maji. Desturi hiyo ilikuwa na hekima wakati vipande vilipokuwa vipana. Baba amekwisha kufariki, nasi ni wana watatu na binti mmoja. Ekari mbili zikikatwa hivyo zitakuwa utepe. Ng'ombe akigeuka, mkia wake utakuwa kwa jirani. Na ikigawanywa kama inavyozungumzwa, chemchemi itaangukia utepe wa kaka yetu mkubwa aliyeko Nairobi, naye anataka kupanda mikalitusi toka juu hadi chini.

Namtendea haki kaka kwa kutaja sababu zake. Mkalitusi hautaki palizi, hauibiwi usiku kama ndizi, na nguzo zake zina soko. Yeye yuko mbali, ana watoto wa kusomesha, wala hawezi kuja kila Jumamosi kushika jembe. Sababu hizi zina uzito. Lakini mti huo hunywa maji bila adabu, na jambo hili si uzushi wangu, kwani mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikalitusi iondolewe kando ya mito na vyanzo vya maji. Nguzo zitauzwa mara moja katika miaka kadhaa. Chemchemi ikikauka, sijui itanunuliwa soko gani.

Tena liko jambo la dada. Ameolewa Nakuru, na mwaka 2020 alirudi kwetu na watoto wawili, biashara yake ya mitumba imefungwa. Alilala katika jiko la mama miezi minne, maana kwa desturi binti aliyeolewa hana nyumba kwa baba yake. Katiba ya mwaka 2010 imeagiza ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi, lakini Katiba haikuwa na blanketi usiku ule. Na pale wazee walipouliza ardhi igawanywe kwa watu wangapi, walisema watatu. Nilisema wanne. Palikuwa na ukimya, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea.

Mimi ninapendekeza shamba lisigawanywe kabisa wakati wa uhai wa mama. Kwanza, hatimiliki ingali katika jina la babu, na pasipo shauri la mirathi kumalizika mahakamani, kila mpaka tutakaoweka ni mstari juu ya maji. Pili, litajengwa banda la vyumba viwili litakalokuwa la yeyote atakayerudi, awe mwana au binti. Kila anayepata mshahara atatoa kiasi kidogo kila mwezi kwa mbegu, na kwa vitu ambavyo udongo hauzai: chumvi, kiberiti, sabuni, dawa. Mapandikizo ya viazi yatahifadhiwa penye unyevu wakati wa kiangazi, kwa kuwa mche uliokufa hauwezi kuazimwa usiku wa manane. Mikalitusi, ikiwa ni lazima, ipandwe kilimani kwenye mawe. Na majirani wapewe njia ya kufikia chemchemi kama zamani, maana wao ndio waliotulisha mwaka 2008, wala ukuta wangu hautazuia kitu ikiwa walio nje yake wana kiu.

Tutakutana Desemba, wote wakiwapo. Mama ameniruhusu kupima mita 30 kuizunguka chemchemi kwa kamba, eneo ambalo choo hakitachimbwa wala ng'ombe hatafungwa, nami nimekwisha kupigilia vigingi tisa. Nilimpelekea kaka picha. Alijibu kwamba ameviona, na kwamba atakapofika atavihesabu mwenyewe.