Jicho la Tembo

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mtoto ambaye bado anatambaa, na ikiwa mtoto huyo anaye mnyama wake wa kitambaa, nakuomba uliweke gazeti hili chini kwa dakika moja. Mchukue mnyama huyo, ulishike jicho lake kwa ncha za vidole, ulivute kwa nguvu zako zote. Likibaki mahali pake, rudi tuendelee. Likitoka, litie mfukoni mwako, kisha usome kwa makini zaidi, maana haya niyaandikayo yamenifika mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kushona sare za shule na kudarizi shingo za kanzu na mashuka ya maharusi. Bila shaka umewahi kuiona kazi hiyo katika cherehani ya kukanyaga: fundi huufungua mguu wa cherehani, huyashusha meno yanayosukuma kitambaa, hukikaza kitambaa katika fremu ya mviringo, kisha huiongoza fremu kwa mikono miwili huku sindano ikipanda na kushuka.

Kila jioni mabaki ya vitambaa yalijaa chini ya meza yangu. Mwaka 2011, alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza, niliona si vyema yatupwe. Nikachora tembo kwenye gazeti kuukuu, nikamkata kwa kitenge, nikamjaza usufi uliochambuliwa mbegu, nikamtia vifungo viwili vyeusi vya shati kuwa macho. Alipendeza mno! Jirani mmoja akataka wake, mwenzake naye akataka. Haikupita miezi mingi nikawa nimeuza tembo 11.

Mjukuu wangu alikuwa na miezi kumi siku ile ya Jumamosi. Alikuwa mkekani na tembo wake, nami nilikuwa nimempa mgongo, nikitunga uzi. Kilichonigutusha hakikuwa kelele bali kimya. Mtoto anayelia anapumua. Huyu alikuwa amefumbua kinywa wala sauti haitoki, na midomo imeanza kubadilika rangi. Nilipiga ukunga. Mungu si Athumani, jirani yetu muuguzi alikuwa uani akianika nguo. Alimlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la tatu, kifungo kikaanguka mkekani, na mtoto akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Muuguzi yule alikiokota kifungo, akakiweka kiganjani mwangu. “Mama,” aliniambia taratibu, “kwako hili ni jicho. Kwa mtoto ni kitu cha kutia mdomoni.”

Sikulala usiku ule, maana nilikuwa nimekwisha kukumbuka wale 11. Kesho yake nilianza kupita nyumba kwa nyumba kuwarudisha. Wako walionicheka, na yuko mmoja aliyenikasirikia na kudai fedha zake mbele ya watu. Nilimrudishia, haki ilikuwa yake. Niliwapata tisa. Wawili niliwauzia abiria kituoni, watu nisiowajua kwa jina wala makazi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza upya kazi niliyodhani naijua. Zamani nilimchora tembo kama jicho langu lipendavyo. Sasa kila nilipoishika penseli nilijiuliza: mtoto atamshika wapi, naye atamtafuna wapi? Mtoto huanza na kile kilichochomoza: mkonga, sikio, mkia. Basi sikio na mkia havifai kubandikwa juu ya mwili baada ya kazi kwisha. Hapana budi shina la kila kimoja liingie ndani ya mshono mkuu, na mshono huo upitiwe mara mbili.

Halafu kuna udanganyifu wa karatasi. Mkonga wenye upana wa sentimita 3 ukiwa bapa, ukijazwa usufi huwa na unene usiofika hata sentimita 2. Kwa hiyo mchoro mzuri wa mnyama wa kitambaa huonekana mbaya kwenye karatasi: shingo nene, miguu minene, mkonga kama bomba. Ukiuchora mkonga mwembamba kwa ajili ya uzuri, hutaweza kuupindua; na ukiupindua kwa nguvu, mshono hulegea, kisha usufi hutoka kinywani mwa mtoto.

Macho sasa nayadarizi kwa uzi. Lakini usidhani kwamba uzi peke yake ni salama. Ukizirundika nyuzi mno mahali pamoja, sindano hukitoboa kitambaa pande zote, na jicho zima huweza kubanduka kama stempu kwenye karatasi yake. Tena nyuzi huvuta kitambaa. Duara ulilolichora hutoka kama yai, limebanwa upande ule zinakopita nyuzi. Basi wewe chora yai lililorefuka upande huohuo, na mshono wenyewe utakupa duara.

Miaka michache baadaye mpwa wangu alinunua mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta, kwa ajili ya nembo za sare. Fremu yake ndogo ina sentimita 10 kwa 10, na mnyama mzima huweza kushonwa humo. Nilifurahi, nikadhani sasa akili ni ya mashine. Sivyo hata kidogo. Mashine haimjui tembo. Inajua tu sindano iende wapi na isimame lini, kwa mpango uliopangiwa. Katika mchoro wangu wa kwanza niliyaweka macho mwisho kabisa, kama nilivyozoea na vifungo. Mashine ikatii: ikadarizi jicho zuri lililopita tumboni hadi mgongoni, ikamshona tembo wangu pande mbili pamoja. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mpango ulio sawa ni huu. Kwanza kaza kwenye fremu kitambaa kigumu, mfano wa kile kinachotiwa ndani ya kola. Sindano ichore mpaka wa mnyama. Tandika kitambaa cha mbele, kishikizwe. Sasa, kungali upande mmoja tu, darizi macho na mdomo. Kisha laza masikio na mkia vikielekea ndani, funika kwa kitambaa cha nyuma, uso kwa uso, na sindano izunguke mara mbili, ikiacha mlango wa sentimita 5 hivi. Kata kando, pindua, jaza, funga mlango kwa mkono. Jicho hutangulia; mwili hufuata.

Baadaye nilisoma habari za Margarete Steiff wa Ujerumani, fundi aliyepooza miguu tangu utotoni kwa polio. Mwaka 1880 alishona tembo wadogo wa kuchomekea sindano, na watoto wakawafanya vitu vya kuchezea. Kutokana na tembo hao kilikua kiwanda mashuhuri. Hata dubu wa mwanzo wa dunia, mwanzoni mwa karne ya 20, walitiwa macho ya vifungo vya viatu. Siku hizi, Ulaya na Marekani, vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3 hupimwa kwa kopo lenye upana wa milimita 31.7: kipande chochote kinachoingia chote humo hakifai kumfikia mtoto. Nilipoyasoma hayo nilifarijika kidogo kwamba sikuwa mjinga peke yangu. Lakini faraja hiyo haikuwarudisha tembo wangu wawili.

Mjukuu wangu sasa ni kijana wa sekondari, wala hakumbuki lolote. Mimi ndiye ninayekumbuka. Nimeshona mamia ya wanyama tangu siku ile, na hakuna hata mmoja mwenye kifungo.

Ndugu msomaji, vitu vya watoto hurithiwa. Aliyekuwa wa kaka leo ni wa mdogo wake. Kama nyumbani kwako, au kwa dada yako, au kwa mpangaji mwenzako, yuko tembo wa kitenge cha buluu, mkonga wake mwembamba, macho yake vifungo vyeusi vya shati, yamkini ni wangu. Chukua mkasi uyakate macho hayo leo hii. Mtoto atampenda vilevile, hata akiwa kipofu.