Marafiki Wawili wa Njoro

Msafiri atokaye Nakuru kwenda upande wa magharibi huiacha nyuma Menengai na ziwa lenye magadi, akaanza kupanda. Reli, iliyofika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, nayo hupanda vivyo hivyo, kituo kwa kituo: Njoro, Elburgon, Molo, hata kilele cha Mau. Nakuru ni kiasi cha futi 6,000 juu ya bahari, na Molo ni karibu futi 8,000. Kwa maili hizo thelathini au zaidi kidogo, hali ya nchi hugeuka. Njoro ni nchi ya ngano na upepo mwanana. Molo ni nchi ya pareto, viazi na kondoo, ambako ukungu hushuka kutoka msituni na mtu hulitafuta koti lake hata mchana.

Katika njia hiyo fupi ilitokea habari ya urafiki ambayo yafaa kukumbukwa. Ni habari ya watoto wawili waliocheza pamoja Njoro, wakatengana, kisha wakakutana tena Molo wakiwa watu wazima.

Mmoja wao alikuwa mgeni katika nchi. Beryl Clutterbuck, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa jina la Beryl Markham, alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi. Haukupita muda mrefu mama yake akarudi kwao, na mtoto akabaki Njoro na baba yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa na shamba, kinu cha kusagia unga, na farasi wa mashindano.

Wa pili aliitwa Kibii. Baba yake, arap Maina, alikuwa miongoni mwa watu walioishi katika shamba lile, ambao Bibi Markham katika kitabu chake anawaita Wanandi. Kwa kuwa msichana hakuwa na mama karibu wala watoto wa Kizungu wa kucheza nao, wenzake walikuwa hao. Alijifunza Kiswahili na lugha yao, akaenda miguu mitupu kama wao, akafundishwa kuruka juu kama warukavyo vijana wao. Arap Maina alimchukua pia mawindoni, mkuki mkononi na mbwa wake Buller mbele, ijapokuwa kwa desturi kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Baina ya Beryl na Kibii hapakuwa na bwana wala mtumishi. Aliyejua njia ndiye aliyetangulia.

Lakini mambo ya watoto huvunjwa na mambo ya wakubwa. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, arap Maina alikwenda vitani, akauawa, na Kibii akabaki yatima wa baba. Baada ya vita mvua zilikosekana. Clutterbuck alikuwa amekwisha kuahidi kwa mkataba kutoa unga kwa bei iliyowekwa. Nafaka ilipoadimika na bei yake kupanda, alilitimiza neno lake, nalo likamfilisi. Akauza shamba, akaenda zake Peru, nchi ya mbali huko Amerika ya Kusini.

Beryl hakufuatana naye. Kama asimuliavyo mwenyewe, alipanda farasi wake Pegasus, mali yake ikiwa ndani ya mifuko miwili ya tandiko, akashika njia ya kupanda kwenda Molo. Alikuwa hajafika miaka ishirini. Nia yake ilikuwa kufundisha farasi wa watu kwa malipo, na husemwa kwamba ndiye mwanamke wa kwanza katika Kenya kupata ruhusa ya kazi hiyo. Lakini ruhusa si chakula, wala si mwenzi. Molo palikuwa na baridi, na kazi ya farasi haiwezekani kwa mikono miwili tu.

Siku moja sauti ikasikika mlangoni: “Hodi!”

Kila asomaye habari hii alijua neno hilo tangu utotoni. Mwenye kubisha hodi huomba ruhusa, na mwenye nyumba aweza kuitika au kunyamaza. Aliyesimama mlangoni alikuwa kijana mrefu, mtu mzima kwa desturi za kwao, na jina lake sasa lilikuwa arap Ruta. Ndiye Kibii. Alikuwa amepata habari za mwenzake, akamfuata mpaka Molo, tena alikuja kwa kazi.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Kibii alirudi, na urafiki ulirudi pamoja naye. Lakini vyeo vya nchi vilikuwa vimekwisha kuketi katikati yao. Yule aliyezoea kumwita kwa jina sasa alimwita Memsahib. Yule ambaye zamani alikwenda ubavuni pake sasa alikwenda nyuma yake. Bibi Markham hakulificha jambo hilo katika kitabu chake. Alikiri kwamba mtoto hajui tofauti za rangi na vyeo, ila hufundishwa na dunia. Hata hivyo alikwenda mbele, na arap Ruta alifuata, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya utawala wa siku zile.

Pamoja na hayo, arap Ruta hakuwa mtumishi wa kupita. Alikuwapo farasi jike Wise Child, mwenye miguu iliyodhaniwa kuwa mibovu, aliposhinda mashindano ya St Leger mjini Nairobi mwaka 1926. Alikuwapo pia Bibi Markham alipoacha farasi na kujifunza kurusha ndege. Yeye naye akajifunza kuzitunza. Mwezi wa Septemba mwaka 1936, Bibi Markham aliruka peke yake kutoka Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, akatua kwa shida katika Nova Scotia. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, kikasahauliwa, kikachapishwa tena mwaka 1983. Mwenyewe alifariki Nairobi mwaka 1986.

Habari hii imetufikia kwa kalamu ya mmoja tu kati ya wale wawili. Aliyekwenda mbele ndiye aliyeandika. Basi msomaji mwenye busara asikiapo habari za marafiki wawili wa zamani, na aulize pia yule wa pili angalisema nini.

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Farasi wa mgeni walipokuwa wengi na shamba lilipokuwa kubwa, marafiki hawakukosekana. Shamba lilipouzwa na baba alipovuka bahari, aliyepanda njia ya Molo na kubisha hodi alikuwa Kibii. Msafiri apitaye Njoro leo, akitazama ngano upande huu na milima ya Mau upande ule, na akumbuke kwamba njia hii ilipandwa mara mbili: kwanza na mtu aliyepoteza kila kitu, na baada yake na rafiki aliyemfuata.