Mikoa Saba Dirishani

Mwulize mtoto wa darasa la sita aitaje mikoa ya Tanzania, naye ataitaja kwa pumzi moja kuanzia Arusha hadi Tanga, na akikumbushwa ataongeza mitano ya Unguja na Pemba. Jumla yake ni 31, na mtihani ameufaulu. Kisha mwulize swali dogo zaidi: watu wa Singida hula nini? Hapo utamwona akitazama dari.

Lawama si ya mtoto. Katika miaka ya 1970, kijana aliyechaguliwa kuingia sekondari aghalabu alipangiwa shule katika mkoa ambao hakupata hata kuuota. Wa Mtwara aliweza kupelekwa Tabora, na wa Bukoba akapelekwa Songea. Alipewa waranti ya kusafiria, akafungiwa chakula cha njiani, akapanda garimoshi au basi pamoja na sanduku lake la bati. Huenda alilia usiku wa kwanza. Lakini aliporudi likizo alikuwa na marafiki wa makabila kumi, tena aliweza kuwasimulia wadogo zake jinsi mvua inavyonyesha na jinsi ugali unavyosongwa mahali pengine. Leo shule za sekondari zimejengwa karibu katika kila kata, hasa tangu mpango wa kupanua elimu hiyo ulipoanza mwaka 2004. Hiyo ni neema kubwa, maana watoto wengi ambao safari yao ingekoma darasa la saba wanaendelea na masomo. Hata hivyo neema hiyo imetuachia deni. Kijana aweza kuzaliwa Temeke, akasomea Temeke hadi kidato cha nne, asiwahi kuuvuka mto Ruvu.

Kijana huyo hudhani anaijua nchi kwa kuwa anaishi katika jiji lake kubwa. Naam, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Lakini kwa eneo, huo ndio mkoa mdogo kuliko yote ya Bara. Mkoa wa Tabora peke yake ungeweza kuimeza Dar es Salaam zaidi ya mara 50.

Basi wazazi na vijana, tuifuate Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Katika safari hiyo tutapita mikoa saba: Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora na Kigoma. Mikoa mingine 24 itatungoja.

Wajerumani walianza kuijenga reli hii mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waliijenga kwa faida yao, na mikono iliyochimba tuta na kubeba mataruma ilikuwa ya wananchi wa nchi hii. Wala njia yenyewe haikuwa mpya. Reli ilifuata kwa jumla njia ya misafara ya karne ya 19, ambayo watu waliitembea kwa miguu miezi mitatu au zaidi kati ya Bagamoyo na Ujiji, pembe za ndovu mabegani, na wengine wakiwa wamefungwa minyororo ya utumwa.

Mkoa wa Pwani hupita upesi dirishani: minazi, mikorosho, mihogo. Ila tazama vizuri unapofika Ruvu. Maji mengi yanayonywewa Dar es Salaam hutoka katika mto huu, na chimbuko lake ni milima ya Uluguru. Mtoto wa Ilala afunguapo bomba asubuhi, hufungulia mvua iliyonyesha Morogoro.

Anayetoka pwani akitaka kuiona milima hiyo, akae upande wa kushoto wa behewa. Inasimama juu ya mji wa Morogoro kama ukuta, kilele chake mara nyingi kikiwa kimefunikwa na wingu. Waluguru hulima katika miteremko mikali ambayo mtu wa tambarare angeogopa hata kuipanda. Mbele kidogo ni tambarare ya Mkata, kisha mji wa Kilosa, na hapo reli huingia katika bonde la mto Mkondoa ili ipate kupanda nyanda za juu. Bonde hilo limewatesa wahandisi kwa miaka mingi. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama. Maji ya Mkondoa, ambayo mengine hutiririka kutoka wilaya za Dodoma, huingia mto Wami na kumwagika Bahari ya Hindi huko Saadani. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Sasa tumefika Dodoma, na hapa inafaa tukae.

Mtoto wa mjini huenda amemjua Mgogo kwa njia moja tu: amewaona mama na watoto wake wakiomba kandokando ya barabara, akaambiwa, "Hao ni Wagogo," basi akacheka pamoja na wenzake. Ni kicheko cha mtu asiyejua. Katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume chake. Msafara uliotoka pwani ulifika Ugogo ukiwa na njaa na kiu, na huko ndiko kulikokuwa na nafaka, ng'ombe na visima. Watemi wa Wagogo walitoza mali kila msafara uliotaka maji na njia ya kupita, na malipo hayo yaliitwa hongo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliotozwa mchana kweupe na mwenye nchi. Wafanyabiashara na wapelelezi wa Ulaya walinung'unika, lakini walilipa, maana hapakuwa na njia nyingine rahisi. Jinsi neno hilo lilivyoshuka hadi kuwa jina la fedha ya siri mezani kwa karani ni habari ya siku nyingine.

Kilichowaangusha Wagogo hakikuwa uvivu. Mvua ya Dodoma ni haba. Hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mwingine hukataa. Mkulima wa huko alikwisha jifunza kuishi na hali hiyo kwa mtama, uwele na mifugo, akiweka akiba katika mwaka mwema. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokuja, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Akiba ikaisha. Ukame ulipofuata, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu wengi walikufa, na wengine wakatawanyika kutafuta chakula ugenini. Mwenye kumcheka Mgogo leo aijue kwanza habari hiyo.

Tena Dodoma imewafundisha hata wakubwa. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilileta matrekta Kongwa, mashariki ya mkoa huu, ili ilime karanga za kuipatia Uingereza mafuta ya kula. Mibuyu ilivunja mashine, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama tofali, na mvua haikutii mipango ya London. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza paundi milioni 36 hivi. Wenyeji walikuwapo wakati wote huo, nao waliijua mvua yao tangu mababu. Katika miaka ya 1960 Kongwa ilipata kazi ya heshima zaidi: ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia huko kwa nguvu. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiozidi saa nne hivi. Ni jambo la kujivunia; mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara wote wamepumua. Ila mwandishi wa makala haya hana budi kusema kwamba mwendo wa kilomita 160 kwa saa haumfai mtoto anayejifunza nchi. Treni ya zamani ilikuwa ikisimama, na kila stesheni ilijitangaza kwa kile ilichouza dirishani. Wasafiri wa siku hizo waliingoja Saranda kwa ajili ya kuku wake, Tabora kwa asali, Uvinza kwa chumvi. Mtoto aliyelala tangu pwani aliamka akajua yuko wapi kwa harufu na kwa lafudhi ya wauzaji. Mama aliyeinua sinia la mayai ya kuchemsha alikuwa mwalimu wa jiografia bila kujijua, na treni isiyosimama kwake humnyima yeye riziki na mtoto somo.

Baada ya Dodoma yaja Bahi, penye mbuga na majaruba ya mpunga. Mto Bubu huishia hapa, haufiki bahari yoyote. Kisha reli hupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia mkoa wa Singida kupitia Saranda, Manyoni na Itigi, ambako vichaka ni vizito hata mtu hupita kwa shida. Na lile swali letu la kwanza? Huko hula ugali wa mtama au wa uwele kwa mlenda, na mgeni wa heshima huchinjiwa kuku. Mafuta ya alizeti yanayokaanga samaki wa mijini, mengi yametoka Singida.

Tabora ni kama kilomita 840 kutoka Dar es Salaam, na ni njia panda ya reli. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na jingine hutoka Kaliua kwenda Mpanda, mkoani Katavi. Pande zote ni misitu ya miombo, mingine ikiwa na mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti. Asali ya hapa hutokana na msitu huo huo unaokatwa ili kukaushia tumbaku, na vijana wa Tabora watalazimika siku moja kuamua wanataka kipi zaidi. Katika mji huu Mwalimu Nyerere alisoma, na baadaye akafundisha.

Lakini urithi wa Tabora uliotapakaa zaidi ni Wanyamwezi wenyewe. Hao ndio walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara. Walishuka hadi pwani mwaka baada ya mwaka, wakalala ugenini, wakagombana, wakapatana, na kutokana na mapatano hayo ukakua utani. Ndiyo maana hata leo Mnyamwezi aweza kufika msibani kwa Mzaramo, akakaa juu ya kaburi na kukataa lizikwe hadi apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mtoto asiyeelezwa hudhani ni utovu wa adabu. Kumbe watu wa mbali walikuwa wamekwisha juana vya kutosha kutukanana bila kuumizana, na hilo halikuletwa na ramani.

Magharibi ya Tabora mito hubadili nia. Maji ya Dodoma tuliyaacha yakielekea Bahari ya Hindi, na ya Bahi yakikosa pa kwenda. Huku, Ugalla na Malagarasi hutiririka kuelekea ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga, huingia mto Kongo, na hatimaye bahari ya Atlantiki. Chukua kalamu, mtoto, uichore njia hiyo kwenye daftari lako. Kando ya Malagarasi iko Uvinza, ambako watu wamepika chumvi ya chemchemi kwa karne nyingi, na chumvi hiyo iliuzwa mbali zamani kabla ya reli.

Kisha Kigoma. Watu wa pwani hupenda kuiita mwisho wa reli. Muulize mwenyeji, atakuambia kwamba reli huanzia hapo. Mbele yako ni ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, ambalo kwa kina linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake, na ng'ambo yake siku isiyo na ukungu utaiona milima ya Kongo. Meli ya Liemba ililetwa hapa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku, ikapita katika reli hii hii tuliyoifuata, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wamekwisha paka injini grisi kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kuchukua abiria.

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa Kibirizi hutoka na taa zao, na ziwa huonekana kama mji wa pili. Dagaa hufuata mwanga, huingia wavuni, na asubuhi huanikwa juani. Wakikauka hufungwa katika magunia na kuanza safari ya kuelekea mashariki: Uvinza, Tabora, Itigi, Dodoma, Kilosa, Ruvu, hadi sokoni Kariakoo, ambako muuzaji huwatenga kando na dagaa wengine, na bei yao huwa juu.