Zawadi ya viti iliyotaka kuizamisha mashua ya baba

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kwenda Lamu kwa basi, bila shaka wakijua kituo cha Mokowe. Hapo ndipo barabara inapokoma na safari ya maji inapoanza. Unashuka umechoka, vumbi limekujaa hadi kwenye nyusi, unakokota mzigo wako hadi gatini, na mabaharia wanakuita kila mmoja kwenye mashua yake. Je, huwa unachaguaje? Nitakwambia. Unatupa jicho kwenye viti. Vikiwa vikavu na safi, unaingia. Vikinuka, unapita kana kwamba hukusikia ukiitwa.

Baba yangu ametulisha kwa nauli za watu kama wewe. Ana mashua ya mbao yenye injini, na karo yangu, tangu darasa la kwanza hadi chuo, ilitoka humo. Kwa hivyo nilipopata kazi Nairobi, mwaka wa 2016, niliona ni haki nimrudishie fadhila. Viti vya mashua vilikuwa vimechakaa, navyo nikasema nitavifanya vipya.

Nilimwendea fundi wa sofa mtaani kwetu. Nikampa vipimo nilivyosomewa kwa simu, naye akanitengenezea viti vya kutamanisha: reksini nyeupe, vifungo vya buluu, sponji nene ya kuzama ndani, na chini yake chipubodi. Vilinigharimu mshahara wa mwezi mzima na deni juu yake. Nikavituma kwa basi, mabaharia wa baba wakavipigilia misumari juu ya mabenchi.

Baba alinipigia simu siku ile ile. "Viti vimefika, mwanangu. Vizuri mno. Mungu akuzidishie." Nami nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni. Kila nilipompigia baadaye nilimwuliza, "Na viti, baba?" Akinijibu, "Vipo." Sikutambua kuwa "vizuri" vimegeuka kuwa "vipo".

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokwisha, dada yangu mdogo alinipigia kwa siri. "Kaka, baba amenikataza nisikwambie. Watu hawapandi mashua yetu tena. Nami nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo."

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Nilipofika gatini niliikuta mashua imetandikwa mikeka ya mama kutoka tezi hadi omo. Nikainua mmoja. Ewe msomaji, harufu iliyonipokea ilikuwa ya godoro la mtoto mchanga lililosahauliwa mvuani. Reksini ilikuwa imepasuka penye mishono, imeota madoa meusi ya kuvu, na kila penye pini palikuwa na mchirizi wa kutu. Baharia mmoja aliniambia kuwa kuna mzee aliyekuwa akienda kuswali Ijumaa, akashuka na kutu kwenye kanzu yake nyeupe. Habari kama hiyo haikawii kuzunguka Lamu.

Nilimtafuta fundi mmoja wa Langoni anayeshona matanga na viti. Alikibonyeza kiti kimoja kwa kidole, maji yakatoka. "Aliyeshona hiki ni fundi," akasema. "Lakini alishona viti vya sebuleni, na sebule haina bahari."

Kisha akanifunza, nami nakufunza wewe. Sponji ya kawaida hunywa maji. Yakiwa ya bahari ni balaa zaidi, kwa sababu maji yakikauka chumvi hubaki ndani, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana kiti kilicholowa maji ya bahari, hata ukikianika wiki nzima, hurudi kuwa na unyevu usiku. Chipubodi nayo ikipata maji huvimba na kumeguka kama mkate. Uzi wa pamba huoza. Pini za chuma hushika kutu. Na mshono wenye matundu ya karibu karibu huikata reksini vile vile karatasi ya stempu inavyokatika.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Tulipong'oa viti na kuinua mbao za sakafu, fundi alichukua bisibisi akaichoma kwenye taruma moja. Iliingia kama kisu kwenye papai bivu. Taruma ya pili, hivyo hivyo. Viti vyangu vilipopigiliwa vilizibana mbao za sakafu zisiinuliwe. Maji ya mvua yakawa yanavuja ndani na kukaa ngamani bila kufuliwa yote wala kupata hewa. Nayo maji ya mvua yakituama huozesha mbao upesi kuliko hata maji ya bahari.

Na kulikuwa na jambo jingine. Jaketi za kujiokolea huwekwa chini ya mabenchi. Pazia la reksini nililoagiza lishonwe kwa urembo lilikuwa limeziba mlango wa kuzitolea. Tulipozivuta nje, mikanda ya baadhi yake ilikatika mikononi. Msomaji wa makamo atakumbuka feri ya Mtongwe iliyopinduka Aprili 1994, watu zaidi ya 250 wakafa maji karibu kabisa na nchi kavu. Nilikaa juu ya gati nikawaza: zawadi yangu ingeweza kuua watu, na baba akiwa usukani.

Jioni nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alitazama bahari, akajibu, "Zawadi ya mwana haisemwi. Nilikuwa nikivifunika ili watu wasivione, nawe usione haya."

Tulianza upya. Kwanza mashua ilivutwa pwani, seremala akabadilisha zile taruma mbili na kukalafati mianya. Kisha tukaanza viti.

Ikiwa wewe una mashua, au una jamaa mwenye mashua, utaratibu ni huu. Usitupe kitambaa cha zamani. Kifumue taratibu, ukiandike kwa chaki mbele na nyuma, kiwe ndicho kipimo chako. Tumia plaiwudi ya kuundia mashua, uipake rangi pande zote na hata kingo zake, na utoboe matundu chini ili maji yatoke na hewa ipite. Chagua sponji isiyonywa maji, ya jamii ile ya ndara za mpira. Kuijaribu ni rahisi: tia kipande ndani ya ndoo usiku kucha, asubuhi kikamue. Nunua kitambaa kilichotengenezewa jua na maji. Uzi uwe wa polista, mnene, na mshono uwe wa hatua ndefu. Pini na misumari iwe ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Unapovuta kitambaa, anzia katikati ya kila upande ukielekea pembeni, la sivyo kitakunjamana.

Jambo kubwa zaidi: kiti kisipigiliwe. Kifungwe kwa mikanda, ili jioni kiinuliwe na sakafu ipate hewa.

Kutunza hakuhitaji fedha bali mazoea. Kila siku mashua inapolala, baba hupangusa viti kwa maji ya bomba ili kutoa chumvi, kisha huvisimamisha kwa ubavu kivulini. Mara moja kwa juma huviosha kwa sabuni laini. Kuvu ikianza, husugua kwa siki na maji. Dawa kali ya kung'arishia nguo hula uzi. Mbao za sakafu huinuliwa, ngama ikafuliwa na kukaushwa. Jaketi huanikwa na mikanda yake kuvutwa moja moja. Wala petroli haiwekwi chini ya viti, kwa maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, huteremka ukatulia ngamani ukingoja cheche.

Pengine wewe uliye Umoja au Kisauni unauliza mashua inakuhusu nini. Basi tazama kiti cha matatu utakachokalia kesho, au sofa yako iliyokaribia dirisha linaloingiza mvua. Inua mto, uone kilicho chini yake. Na ikiwa, kama mimi, unataka kumrudishia mzazi fadhila, usimnunulie kile unachokiona wewe ni kizuri. Safiri, ukae naye siku mbili kazini mwake, kisha umwulize anahitaji nini. Mwulize mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza atakwambia hahitaji kitu.

Viti vya mara hii ni vya rangi ya kijivu, si vya kutamanisha. Abiria walirudi kidogo kidogo, na dada yangu alirudi shuleni muhula uliofuata. Deni la viti vyeupe nililimaliza mwaka mmoja baadaye.

Juzi nilimpigia baba simu nikamwuliza kama kawaida, "Na viti, baba?"

Akacheka. "Vikavu," akasema.