Benzi Kuukuu Halitaki Rangi, Lataka Breki

Kuna jina moja ambalo watu wa Afrika Mashariki wamelitumia tangu miaka ya 1960, nalo ni Wabenzi. Lilibuniwa kwa ajili ya wakubwa waliokuwa wakipita ndani ya Mercedes-Benz huku wananchi wakienda kwa miguu. Mimi ni mtumishi wa serikali wa kawaida hapa Bujumbura, mwenye cheti cha ualimu na mshahara usioficha siri yoyote. Hata hivyo majirani huniita Mbenzi. Sababu ni kwamba marehemu baba aliniachia Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982, gari alilolinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Ndugu msomaji, nataka nikusimulie kosa nililolifanya juu ya gari hilo, kwa maana najua kwamba katika nyumba nyingi za askari, za polisi na za watumishi wenzangu limo gari la namna hiyo, la kurithi au la kununua kwa bei ya chini, ambalo zamani lilikuwa fahari ya mtu mwingine.

Magari ya kundi hilo, ambalo kiwandani lilijulikana kwa alama ya W123, yalitengenezwa tangu mwaka 1976 hadi kati ya miaka ya 1980, na jumla yake ilifikia milioni 2.7 hivi. Huko Ujerumani yalitumika sana kwa kazi ya teksi, wala hayakuwa ya matajiri peke yao. Yale yaliyotoka Ulaya bara usukani wake uko kushoto, jambo linalotufaa sisi Warundi tunaoendesha upande wa kulia, kuliko magari mengi ya Japani yanayoingia kupitia Dar es Salaam yakiwa na usukani wa kulia. Injini yake ya dizeli ni mvumilivu mno. Lakini uvumilivu huo ndio unaotudanganya. Gari linaloendelea kutembea huku likiumwa humfanya mwenyewe asahau kwamba linaumwa.

Mwaka 2022 mdogo wangu wa kike aliposwa, ikakubaliwa katika ukoo kwamba siku ya harusi atabebwa na gari la baba. Nilifurahi kupita kiasi. Nikatumia mshahara wa miezi miwili kulipaka rangi upya, kushona viti, na kung'arisha vyuma vya mbele na vya nyuma. Mke wangu aliniuliza jioni moja, "Baba watoto, na breki je?" Nikamjibu kwamba breki zinashika. Kusema kweli zilikuwa zikishika, ila kila mwezi pedali ilikuwa ikishuka chini kidogo zaidi, nami nikazoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza sakafu.

Zilikuwako dalili nyingine. Nilipozima ufunguo, injini iliendelea kunguruma kama mgeni asiyeelewa kwamba ameagwa. Fundi mmoja alinionyesha kifaa kilichoandikwa STOP chini ya boneti, nami nikawa nafungua boneti na kukibonyeza kila nilipofika nyumbani, watoto wakicheka. Aidha, gari lilipopanda mlima lilichemsha maji. Fundi mwingine akaitoa thamostati, yaani ile valvu inayoongoza njia ya maji kwa kufuata joto la injini, akisema kwamba katika nchi yenye jua kama letu kitu hicho hakina kazi. Nilimshukuru na kumlipa.

Wiki mbili kabla ya harusi nilikwenda Muramvya kumchukua mama. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba Bujumbura iko karibu na usawa wa ziwa, kama mita 800 juu ya bahari, na kwamba katika mwendo wa kilomita zaidi ya 30 tu unafika Bugarama, ambako ni zaidi ya mita 2,000. Wakati wa kupanda mshale wa joto ulikwenda juu, nikalazimika kusimama mara mbili ili injini ipoe. Nikajiambia kwamba wakati wa kurudi mambo yatakuwa mepesi, maana ni mteremko mtupu.

Siku ya pili tulianza kuteremka kutoka Bugarama. Ukungu ulikuwa umetanda. Vijana wa baiskeli walikuwa wakishuka kwa kasi na mizigo ya ndizi na makaa, nami nilikuwa nyuma ya lori. Nilikuwa nimeweka gia kubwa ili nibane matumizi ya dizeli, na mguu wangu haukutoka juu ya breki. Baada ya kilomita kadhaa mguu ulizama mpaka sakafuni, kana kwamba chini ya pedali hapakuwa na kitu. Nyuma alikuwamo mama, amempakata mwanangu wa miaka mitatu. Nikarudisha gia ya tatu, kisha ya pili. Injini ikapiga kelele. Nikatumia breki ya kuegeshea kidogo kidogo, na kwa rehema za Mungu nikaliegemeza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima. Ubavu wote wenye rangi mpya ulikwaruzwa na udongo, na gari likasimama.

Mama hakupiga kelele. Alishuka, akamweka mtoto chini, akapangusa kitenge chake. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa akisimama pale Bugarama kila safari. Wewe ulidhani ananunua kabichi tu?"

Nikakumbuka. Nilipokuwa mdogo baba alisimama pale, akazunguka gari, akagusa magurudumu, akafungua boneti, ndipo akanunua mboga. Niliyemwona ni mnunuzi wa mboga. Mkaguzi wa gari sikumwona.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, ambako siku hiyo wenye Benzi za zamani hukusanyika karibu na gereji ya mzee mmoja. Pale utamkuta mwanajeshi mstaafu mwenye 300D, muuguzi mwenye 190, dereva wa zamani wa ofisi za serikali, na vijana wanaotafuta vipuri. Niliposimulia yaliyonipata, hakuna aliyenicheka. Mwanajeshi yule mstaafu alisema tu, "Mwalimu, askari hang'arishi vifungo kabla hajasafisha bunduki."

Mzee mwenye gereji alieleza sababu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari limelala. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakiisha kuingiwa na maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Ukikanyaga breki mfululizo mteremkoni, vyuma vya magurudumu hupata moto mkali, mafuta hugeuka mvuke, na mvuke haubebi nguvu ya mguu wako. Yangu hayakuwa yamebadilishwa tangu baba alipofariki mwaka 2016. Yalipotolewa yalikuwa meusi kama kahawa iliyolala.

Mashauri niliyoyapokea pale niliyaandika katika daftari, kwa kuwa kazi ya ualimu haimtoki mtu. Nayaweka hapa kwa faida ya wenzangu.

Kwanza ni breki. Badilisha mafuta yake yote kila baada ya miaka miwili, wala usiongeze tu juu ya yale ya zamani. Ukaguzi wa mipira inayoyapeleka magurudumuni ufanyike wakati huo huo. Jifunze pia kusikiliza kwa mguu: pedali laini inayozama maana yake ni hewa, mvuke au kuvuja, pedali ngumu kama jiwe maana yake ni kwamba msaada wa pampu ya kunyonya hewa umekatika. Na mteremkoni tumia gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, ili injini ikuzuie, na breki zipate kupumua.

Pili ni ile injini isiyozimika. Katika dizeli za W123 ufunguo hauzimi injini kwa umeme. Unafungua njia ya mvuto wa hewa, na mvuto huo ndio unaoifunga pampu ya dizeli. Pampu hiyo hiyo ya kunyonya hewa huendesha kufuli za milango na kusaidia breki. Kwa hiyo kipira kidogo kilichopasuka ndani ya mlango huweza kuifanya injini ikatae kuzimika. Kwangu vilikuwa vipira viwili, na bei yake haikufika hata ya kopo moja la rangi. Asiyeweza kuzima injini asizoee kubonyeza STOP. Atafute mahali panapovuja kabla udhaifu huo haujazifikia breki.

Tatu ni maji. Thamostati ya injini hii ina milango miwili: mmoja huruhusu maji kwenda kwenye rejeta, na mwingine huziba njia ya mkato inayoyarudisha moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato hubaki wazi, na maji mengi huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo sababu gari langu lilichemsha zaidi baada ya kutengenezwa kuliko kabla. Kabla ya kuitupa thamostati, ipime jikoni: ifunge kwa uzi, ining'inize katika sufuria ya maji bila kugusa chini, pasha moto taratibu. Iliyo nzima huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hivi, nayo huwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka vizuri. Tumia sufuria mbovu isiyorudi tena kwenye chakula. Hilo ni shauri la mke wangu. Usijaze maji ya bomba matupu, kwani huleta kutu na magaga ndani ya injini. Changanya dawa ya rejeta na maji safi yasiyo na chumvi. Wengine husema kwamba dawa hiyo ni ya nchi za barafu. La hasha, huzuia kutu na kuchelewesha maji kuchemka. Wala usifungue kifuniko cha maji injini ikiwa ya moto.

Nne ni gari linalolala. Miaka hii ya karibuni mafuta yamekuwa yakiadimika, na magari mengi yamelala majuma mazima. Tangi lisilojaa hukusanya unyevu, na maji ni adui wa pampu na nozeli. Dizeli iliyonunuliwa kwa madumu ni ya kutilia shaka zaidi. Iache itulie kwenye chombo cha wazi uone kama maji yamekaa chini. Tazama kichungi kidogo kinachoonyesha ndani. Ukiona matone au uchafu, kibadilishe kabla ya kile kikubwa.

Lakini shauri lililonifaa kupita yote lilihusu namna ya kupokea mashauri. Kila mwenye Benzi ana neno lake, na aliyeniambia nitoe thamostati naye alikuwa akinishauri. Katika baraza lile la Buyenzi tumewekeana kanuni, nami ndiye niliyeipendekeza, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa chuoni kumhoji mwanafunzi: anayetoa shauri aseme ni gari gani, ni kitu gani kilichoharibika, na baada ya kutengenezwa lilitembea muda gani. Asiyeweza kujibu hayo matatu anasikilizwa kwa heshima, ila hatuandiki maneno yake. Daftari hilo sasa lina kurasa 60, na yeyote anaruhusiwa kulinakili.

Nisifiche jambo la fedha. Baada ya tukio lile sikuwa na akiba tena. Iliisha kwenye rangi. Mipira ya breki, mafuta, thamostati na vipira vya milango vililipwa kwa fedha ambazo mke wangu alikuwa ameziweka kwa ajili ya cherehani. Hakuninung'unikia, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Nilimrudishia kwa miezi mitano, na yeye ndiye anayetunza sasa orodha ya tarehe: mafuta ya injini, mafuta ya breki, maji, kupima nafasi za valvu. Tarehe ikifika hunikumbusha kabla sijamwuliza. Tulizungumza pia kama tuliuze. Tulikubaliana hivi: mwaka ambao hatutaweza kulipia breki zake, mwaka huo huo tutaliuza. Gari usiloweza kulisimamisha hulimiliki.

Siku ya harusi ilifika. Hapakuwa na fedha ya kuziba mkwaruzo ule mrefu ubavuni, ukafunikwa kwa utepe na maua. Mdogo wangu alipanda. Mama alisimama kwanza mlangoni, akanitazama, akaniuliza, "Mwanangu, umekagua?" Nikamwambia ndiyo, tangu alfajiri. Ndipo akaingia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami niliupaka rangi ufa wangu. Mkwaruzo ule upo mpaka leo, tumekusudia usizibwe. Ndugu msomaji uliye na gari kuukuu la fahari, Jumamosi hii kabla ya kuliosha, kanyaga pedali yake ya breki taratibu na usikilize mguu wako unakuambia nini. Na ukipita Bugarama, simama. Kabichi za pale ni nzuri, na gari litapata nafasi ya kutazamwa.