Batli Isiyosomeka

Kiswahili cha kompyuta kina neno linalobeba mizigo miwili. Kumbukumbu ni ile nafasi ambamo mashine huweka inachokifanyia kazi. Kumbukumbu pia ni maandishi ya yale yaliyotokea. Mabaharia hawakuwa na utata huo. Kamusi za zamani zinalo neno batli, la merikebuni, ambalo siku hizi halina watumiaji wengi, na si dhambi kuliazima hapa.

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C na kupachikwa ndani ya mita ya umeme au chombo cha angani haina skrini wala mtu wa kuitazama. Ikikosea, hukosea peke yake. Kwa hiyo mwandishi wake huitia batli: kila tukio la maana huandikiwa mstari wake, pamoja na wakati lilipotokea na uzito wake, ama taarifa tu, ama onyo, ama kosa. Lakini mstari una gharama. Herufi 80 zikipitishwa kwenye waya kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde huchukua takriban milisekunde 7, na kwa mashine ya namna hiyo huo ni muda mrefu. Ndiyo maana zipo hitilafu zinazotoweka batli inapowashwa na kurejea inapozimwa, kama panya na taa.

Wengi huiondoa batli siku ya kukabidhi kazi. Lugha ya C huwarahisishia mno: neno moja hubadilishwa, programu hutengenezwa upya, na mistari yote hufutika kana kwamba haikuwapo. Kinachosahaulika ni kwamba chombo kinachokabidhiwa si kile kilichojaribiwa.

Wahandisi wa Mars Pathfinder walikataa jambo hilo. Chombo chao kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Kila ilipofanya hivyo, kazi iliyosalia ya siku hiyo ilikwama. Kutoka Mirihi ujumbe ulichukua takriban dakika 10 kufika duniani. Hapakuwa na wa kwenda kuangalia.

Ndani ya programu kulikuwa na batli iliyoandika kila kazi iliposhika zamu na kila kufuli lilipofungwa au kufunguliwa. Iliandika kwa mzunguko, jipya likifuta la kale nafasi inapojaa. Mirihi haikuweza kusomwa, kwani yaliyomo yalikuwa mengi kuliko kiasi ambacho chombo kingeweza kutuma. Hata hivyo iliachwa humo kwa makusudi, ili kinachoruka kiwe kilekile kilichojaribiwa. Basi pacha wa chombo aliyekuwa maabara aliendeshwa kwa shughuli zilezile, tena na tena, bila kubadilishwa programu. Hazikupita saa 18, naye akaanguka. Batli yake ikasomwa.

Kisa kilikuwa cha kawaida kiasi cha kuudhi. Kazi ya daraja la chini, inayokusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli. Kazi ya daraja la juu, inayogawa data za chombo, ikalisubiri kufuli hilohilo. Zikaingia kazi za daraja la kati, zisizolihitaji kabisa, zikamnyima yule wa chini zamu ya kumaliza na kuliachia. Mkubwa akakwama nyuma ya mdogo, kwa sababu ya watu wasiohusika. Mzunguko wa sekunde 0.125 ulipoanza upya, msimamizi wa ratiba alikuta kazi ya mkubwa haijaisha, akaamuru kila kitu kianze mwanzo.

Tiba ilikuwamo tayari katika mfumo endeshi wa VxWorks, ila ilikuwa imezimwa: mwenye kufuli aazimwe daraja la anayemsubiri, mpaka aliachie. Mabadiliko madogo yakatumwa Mirihi, na chombo kikatulia.

Hitilafu hiyo haikuwa ngeni. Ilikuwa imeonekana mara chache duniani kabla ya chombo kurushwa Desemba 1996. Ilishindikana kuirudia, na waliohusika walikuwa wameielekeza akili yote kwenye namna ya kutua salama. Nao pia walikuwa na kazi ya daraja la juu.