Hatukuuliza Alikaaje Tumboni

Jameni, leo sitanii. Mpwa wangu ana mwaka mmoja na nusu, na sahii yuko ndani ya plasta kutoka kiunoni hadi miguuni.

Alipozaliwa tuliuliza ana kilo ngapi na amefanana na nani. Hakuna aliyeuliza alikaaje tumboni. Alikuwa ametanguliza makalio, ndiyo maana dada yangu akafanyiwa upasuaji. Tukamshukuru Mungu, tukadhani hadithi imeisha.

Alipoanza kutembea, akawa anachechemea. Majirani wakasema ati dada alimbeba vibaya. Dada alilia sana. Eksirei ndiyo ilisema ukweli: kichwa cha mfupa wa paja la kushoto hakikuwa kimekaa kwenye kikombe cha nyonga.

Daktari akauliza: Ni msichana? Ndiyo. Kifungua mimba? Ndiyo. Alitanguliza makalio? Ndiyo. Kuna mtu kwa familia aliyekuwa na shida ya nyonga utotoni? Hapo tukaangaliana tu.

Kilichoniuma ni kwamba majibu matatu ya kwanza tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Kuzaliwa kwa upasuaji hakufuti vile mtoto alikaa tumboni. Na nyonga kama hiyo kwa kawaida haimuumi mtoto mchanga, kwa hivyo usingoje alie. Angalia kama paja moja halipanuki kama lingine, au mguu mmoja unaonekana mfupi.

Si kila mtoto wa aina hii hupata shida, na wengine huipata bila dalili yoyote ya hatari. Lakini kama alitanguliza makalio, itisha picha ya ultrasaundi ya nyonga akiwa na wiki kama 6, hata kama anaonekana sawa. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi mikanda laini ya kushikilia miguu inatosha. Ukichelewa, ni upasuaji na plasta.

Na nyinyi mnaofunga watoto miguu ikiwa imenyooka ti kama mshumaa juu mliona kwa video, wacheni. Miguu inataka nafasi ya kukunjika na kupanuka. Shosho na leso yake mgongoni, miguu ya mtoto imemkumbatia kiunoni, alikuwa sawa kabisa.

Kwa hivyo ukienda kuona mtoto, beba sabuni na unga wa uji kama kawaida. Halafu uliza pia: alikaaje tumboni?